Mzigo wa Akaunti Tatu

Sehemu ya tisa

Kila asubuhi, kabla soko halijafunguliwa, Kipimo huweka kikombe cha chai upande wa kushoto wa meza, rula upande wa kulia, kisha huchapisha karatasi ya mizigo. Huipitia mstari kwa mstari, penseli mkononi. Mstari ukiwa salama huutia alama ndogo na kushuka kwenye mwingine. Kwa kawaida chai na karatasi huisha pamoja.

Wiki iliyopita tulimwacha penseli imesimama.

Ilikuwa imesimama kwenye mstari wa kumi na tisa, na chai ilikuwa imeshafanya utando. Kwenye karatasi kulikuwa na akaunti tatu za madalali watatu tofauti. Zote zilikuwa za ufuta, na zote zilinunua jana saa tisa na dakika sita. Zilinunua mikataba kumi na nne, halafu kumi na nne tena, kumi na nne, kumi na nne, mpaka jioni.

Ni mtu mmoja tu duniani anayenunua kumi na nne kumi na nne, na mtu huyo ana pete mbili za ndoa kwenye droo ya meza yake, zinangoja Jumamosi ya tatu kuanzia leo.

Wewe uliyeanza nasi leo, sogea karibu nikueleze upesi. Kipimo ni jina alilobandikwa dada huyu na wenzake wa Nyumba ya Dhamana, kwa kuwa hapimi kwa jicho hata sukari ya chai. Nyumba ya Dhamana husimama katikati ya watu wawili: mmoja anayekubali leo kununua ufuta atakaoupokea baada ya miezi mitatu, na mwingine anayekubali kumuuzia. Kila mmoja huacha pale fedha za dhamana. Mmoja akikimbia, dhamana yake humlipa mwenzake. Isipotosha, huchotwa mfuko wa pamoja, na hapo hulipa wanachama wote, hata wasiokosa lolote.

Kanuni ya mzigo mkubwa aliiandika Kipimo mwenyewe, mwaka jana. Anayeshika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ufuta wote wa sokoni lazima aweke dhamana ya ziada. Mzigo mdogo ukilazimika kuuzwa, huisha asubuhi moja na soko halishtuki. Mzigo mkubwa ukimwagwa sokoni, wenyewe ndio unaoiangusha bei, na kadiri bei inavyoanguka ndivyo shimo linavyozidi kuchimbika.

Akaunti hizi tatu, kila moja ilishika tisa katika kila mia. Ikitazamwa peke yake, kila moja ilikuwa chini ya mstari, na ndiyo maana mtambo haukupiga kelele. Kipimo aliandika pembeni kwa penseli: tisa, tisa, tisa. Chini yake akaandika ishirini na saba, kisha akaifunika namba hiyo kwa kiganja, kana kwamba kuna mtu nyuma yake.

Kwa nini kumi na nne? Aliambiwa siri hiyo kwenye benchi la hospitali, siku ambayo baba wa mchumba wake alikuwa ndani, mashine ikimpumulia.

"Gari la mzee lilikuwa linabeba magunia kumi na nne," mchumba wake alimwambia siku hiyo, macho yake sakafuni. "La kumi na tano likipanda, springi zinavunjika. Basi mimi nikinunua kitu, mkono wenyewe unaandika kumi na nne. Usimwambie mtu. Watanicheka."

Hakumwambia mtu. Alikuwa ameitunza namba ile kama watu wanavyotunza barua.

"Dada Kipimo! Umesikia?"

Aliyeingia ni karani wa kumbukumbu. Ofisi nzima inamwita Redio, kwa sababu hakuna swichi ya kumzima.

"Sijasikia."

"Mnunuzi mkubwa amekataa meli nzima ya ufuta. Meli nzima! Eti una unyevu." Redio alicheka peke yake. "Unyevu umetoka wapi, dada? Kwani ufuta umelia?"

Kipimo hakucheka. Alitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na moja tu zilikuwa zimebaki soko lifunguliwe.

"Dada, mbona umekuwa hivyo? Unaumwa?"

"Niitie Mkuu. Mwambie naomba kamati ikae saa nne, kwa dharura."

"Dharura ya nini?"

"Ya ufuta uliolia," akajibu, na Redio akatoka mbio bila kujua kama ni utani.

Soko lilifunguliwa. Bei ilianguka kama sahani.

Aliandika ujumbe wa neno moja: "Ngazi." Mchumba wake alikuwa na ofisi jengo la ng'ambo ya barabara, na kwa mwaka mzima walikuwa wakikutana kwenye ngazi za dharura, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mahali ambapo hapiti mtu. Huko ndiko walikokuwa wakigawana chakula cha mchana kwenye kopo moja. Ofisini hakuna aliyejua. Kanuni za kazi zinamtaka mfanyakazi amtaje ndugu au mpenzi aliyeko sokoni, na kila Kipimo alipotaka kuijaza fomu ile, mchumba wake alimwambia, "Tungoje ndoa, mpenzi. Tutawashtua wote kwa mkupuo."

Alikuja akihema, tai begani.

"Umeamkaje, mpenzi? Nina dakika mbili tu, leo soko limechanganyikiwa."

"Kumi na nne," akasema Kipimo.

Mchumba alianza kucheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

"Nani mwingine anajua?"

"Hukuniuliza kumi na nne ya nini."

Mchumba alikaa kwenye ngazi. Kipimo alibaki amesimama. Alitamani kukaa karibu naye. Hata sasa alitamani, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Uliniambia umepunguza," alisema. "Kanuni ilipotoka, ulikuja ukaniambia, 'Nimepunguza, mpenzi, kanuni yako imeninyoosha.' Tukacheka."

"Nilipunguza. Kwa yule dalali wa kwanza nilipunguza."

"Ukahamishia kwa wengine wawili."

"Nisikilize. Nipe mpaka Jumatano. Siku mbili tu! Kuna meli nyingine inapakiwa, mnunuzi mwingine kabisa. Bei itapanda, nami nitauza kidogo kidogo. Hakuna atakayejua, hakuna atakayeumia."

"Na isipopanda?"

"Itapanda."

"Nimekuuliza, isipopanda?"

Mchumba aliishusha tai begani, akaanza kuikunja.

"Isipopanda, atalipa yule mama mtunza hazina wa ushirika," Kipimo alisema. "Unamjua? Huleta stakabadhi zake kwenye mfuko wa plastiki, amezifunga kwa uzi. Kila mwezi lazima aniulize kama fedha zao za mfuko wa pamoja bado zipo zote. Kila mwezi namwambia, 'Zipo, mama, nenda kalale.' Wewe ukianguka na ishirini na saba katika mia, nitamwambia nini?"

"Mpenzi, ishirini na saba si..."

"Nimejumlisha mara nne."

Mlango wa chini ulifunguka, ukafungwa. Wote wawili walinyamaza mpaka hatua za mtu zikapotea.

Kipimo akashusha sauti. Swali lililokuwa limemkaba tangu asubuhi lilitoka lenyewe.

"Ile siku nilikuwa naosha vyombo, wewe unafuta. Ukaniuliza, hivi kile kikomo mnahesabu kwa mtu au kwa akaunti? Nikakwambia, kwa akaunti, tena ndilo tundu la kanuni yangu, sijapata namna ya kuliziba. Ulikuwa unafuta kikombe kimoja, ukakifuta mpaka nikakuuliza kama unataka kukitoa rangi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Sasa niambie. Siku ile ulikuwa unaniuliza mimi, au ulikuwa unaiuliza ofisi?"

Mchumba alitazama chuma cha ngazi, akaanza kukibandua rangi kwa ukucha.

"Huu si wakati wa maswali hayo," alisema.

"Ni wakati gani?"

"Kaa kimya mpaka Jumatano, basi. Nakuomba. Ukisema leo, hutanizika mimi peke yangu. Hujui unachokigusa."

"Nagusa nini?"

Simu yake iliita. Aliitazama, akasimama, akamshika Kipimo shavuni kwa mkono uliokuwa na vumbi la rangi, kisha akashuka ngazi mbilimbili.

Saa nne kamili kamati ilikaa. Mkuu wa Dhamana ni mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na hapendi maneno marefu. Kando yake walikaa wajumbe wawili. Redio alishika kalamu ya kumbukumbu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Bei inaporomoka huko nje. Sema upesi."

Kipimo aliiweka karatasi mezani. Aliwaonyesha mistari mitatu, saa iliyo sawa, ununuzi ulio sawa. Alisema anachopendekeza: kanuni ibadilishwe sasa hivi, kikomo kimfuate mtu popote alipojigawa, dhamana ya ziada idaiwe leo kabla ya saa sita mchana. Sauti yake ilitulia, kama inavyotulia kila anapoongea habari za namba.

"Kubadilisha kanuni tunaweza," alisema Mkuu. "Mamlaka hayo tunayo. Lakini nitamfuata mtu gani? Hapa naona namba za akaunti. Majina wanayo madalali, na hawayatoi mpaka niwaandikie sababu."

"Sababu ni hiyo kumi na nne, Mkuu."

"Kumi na nne ni namba tu, mwanangu," alisema mjumbe mmoja. "Mimi hununua mayai kumi na mawili kila wiki. Je, mimi na wote wanaonunua kumi na mawili ni mtu mmoja?"

Redio alicheka, akakatazwa kwa jicho.

"Nipe sababu ya kuandika," Mkuu alisema taratibu. "Unajuaje kwamba hawa watatu ni mmoja?"

Chumba kilikuwa kidogo, kina meza na viti saba na saa inayokwenda mbele dakika moja. Kipimo aliitazama ile saa. Aliona benchi la hospitali. Aliona mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi.

Alijua kwamba akifungua mdomo amepoteza kazi, amepoteza na Jumamosi ya tatu. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Angeweza kusema amekosea, wangemwambia pole, na wangemletea chai nyingine.

"Najua," akasema, "kwa sababu ni mchumba wangu."

Kalamu ya Redio ilianguka.

"Rudia," alisema Mkuu.

"Ni mchumba wangu. Baba yake alikuwa na gari linalobeba magunia kumi na nne. Aliniambia mimi peke yangu." Machozi yalikuwa yameshaanza, lakini hakuyafuta. "Na tundu la kanuni nilimwambia mimi. Jikoni kwangu. Sikuwaza kwamba ninamwambia mtu wa sokoni, nilidhani naongea na mtu wangu. Andika hayo yote, Redio."

Redio hakuinua macho. Aliandika polepole, kwa mara ya kwanza hana la kusema.

Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge chake, akaivaa tena. Kisha akawaandikia madalali sababu hiyo, akavuta simu, akawapigia mmoja mmoja.

Dalali wa kwanza alitaja jina la mchumba. Mkuu akaandika.

Dalali wa pili alitaja jina la marehemu baba yake. Mzee mwenye gari la magunia kumi na nne, aliyezikwa miezi saba iliyopita, alikuwa ananunua ufuta mpaka jana jioni. Mjumbe mmoja akatoa mguno.

Dalali wa tatu akataja jina, na kalamu ya Mkuu ikasimama katikati ya neno.

"Rudia, baba," alisema Mkuu kwenye simu. "Herufi moja moja."

Alisikiliza. Alimaliza kuandika. Aliigeuza karatasi na kuisukuma mpaka mbele ya Kipimo.

Kipimo alisoma majina yake mwenyewe. Yalikuwa yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

"Mimi sina akaunti," alisema. "Mkuu, sijawahi kuwa na akaunti."

"Dalali anasema ana nakala ya kitambulisho chako. Na saini yako."

Hapo ndipo akili ilipomrudisha kwenye zile karatasi za msajili wa ndoa. Mchumba alikuja nazo jioni moja, bunda zima, akamwonyesha pa kusaini kwa kidole. Hapa, na hapa, na hapa. Yeye ambaye husoma hata maandishi ya kwenye kiberiti alisaini zote bila kusoma hata moja, kwa furaha. Alikuwa anaona aibu kusoma karatasi za ndoa kama mtu anayesoma mkataba.

"Mpigie mchumba wangu," Kipimo alimwambia Mkuu. "Weka sauti wasikie wote."

Simu iliita mara moja tu.

"Hapa ni Nyumba ya Dhamana," alisema Mkuu. "Akaunti hizi tatu tumezihesabu kuwa za mtu mmoja. Unazikubali?"

Nyuma ya mchumba zilisikika simu nyingine zikiita, na watu wakipaza sauti za bei.

"Nazikubali," alisema.

"Dhamana ya ziada inatakiwa kabla ya saa sita. Unayo?"

"Nina kiwanja, mama. Na gari."

"Dhamana ni fedha, baba."

"Basi sina."

"Mbili zilizo chini yako tutaziuza. Hii ya tatu mwenyewe yuko hapa mbele yangu. Mpaka saa sita ni haki yake kuchagua: aweke dhamana au auze."

"Mpenzi!" Sauti ilipasuka kwenye spika. "Mpenzi, usisaini! Hiyo ilikuwa zawadi yako, ungeijua siku ya ndoa. Kaa nayo mpaka saa sita, nipate mtu wa kunisaidia. Zikiuzwa zote kwa mkupuo nimekwisha, sina mbele wala nyuma!"

Mkuu aliiweka fomu mbele ya Kipimo. Ilikuwa na visanduku viwili, kimoja cha kuweka na kingine cha kuuza.

"Kila dakika bei inashuka," alisema kwa sauti ya chini. "Tukianza sasa, dhamana iliyopo huenda ikatosha. Tukingoja saa sita, tutaingia kwenye mfuko wa pamoja. Lakini kisheria siwezi kukulazimisha. Na lazima nikwambie ukweli, mwanangu. Jina lako limeonekana humu, kwa hiyo wachunguzi wanakuja saa nane. Ukitoka hapa, acha kitambulisho cha mlangoni kwa Redio."

Kipimo alichukua kalamu.

"Upo?" aliuliza kuelekea spika.

"Nipo."

"Nilikuuliza swali kwenye ngazi."

Kwenye spika mlango ulisikika ukifungwa, na kelele za soko zikazimika, kana kwamba mtu amejifungia peke yake.

"Ofisi," alisema mchumba. Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya benchi la hospitali. "Nilikuwa naiuliza ofisi. Siku ya kwanza niliyokusalimia kwenye lifti nilikuwa naisalimia ofisi. Baadaye nikakupenda kweli, nikashindwa kukwambia nilianzia wapi. Huo ndio ukweli, haki ya Mungu."

Kipimo alitia alama kwenye kisanduku cha pili, ndogo, kama zile za kila asubuhi. Akasaini majina yake matatu, akiyasoma moja moja.

"Uzeni," alimwambia Mkuu.

Kisha akainama karibu na spika, karibu kama mtu anayenong'ona sikioni.

"Na mimi," alisema, "siku ile jikoni, nilikuwa nakujibu wewe."